Kitabu cha Mama Theuri na Ng'ombe Aliyeitwa Njiru

Leo, Alhamisi tarehe 30 Juni 1988, Bi. Monicah Murugi anastaafu kutoka idara ya ustawi wa jamii ya baraza letu, baada ya miaka ishirini na mitatu, miezi mitatu na siku ishirini na nane. Hizo siku ishirini na nane amesema mwenyewe zisiachwe nje, kwa sababu zote zilikuwa za baridi. Jina la Monicah Murugi linajulikana na barua za Nairobi tu. Sisi wengine, kuanzia karani mkuu hadi paka wa stoo, tunamwita Mama Theuri.

Bwana Jumaa, karani mkuu, amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu wa jarida la baraza kwa sababu nilimwendesha Mama Theuri katika landrova ya idara kwa miaka kumi na saba, kabla baraza halijanichoka, na mtu uliyekwama naye kwenye matope ya Kieni unamjua kuliko padri wake. Aliniwekea sharti moja. "Gicheru, andika wasifu, usiandike porojo." Nimejaribu. Porojo nimezitoa zote. Zilizobaki, mkiona zinafanana na porojo, ni ukweli uliovaa vibaya.

Lakini karatasi hii iko na kazi ya pili, na afadhali niiseme mapema. Mama Theuri ametangaza kwamba akishatoka leo hatakanyaga tena Chumba cha Wazee, kile alichokianzisha mwenyewe hapa nyuma ya ofisi. Anasema aliyekuwa akisikiliza wengine hawezi kurudi hapo ati asikilizwe yeye. Atamwaibisha Wakonyo, binti anayechukua kiti chake. Ataenda Ruring'u, afunge mlango, afuge kuku watatu. Hiyo nyumba tunaijua. Mzee wake alifariki, mwanawe Theuri anafanya kazi Mombasa bandarini, na kuku ni wasikilizaji wabaya sana. Sasa, Chumba hufunguliwa Jumanne na Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi. Kesho ni Ijumaa. Kwa hivyo nina siku moja ya kumbadilisha mawazo, na silaha yangu ni hii kalamu ya kuazima.

Mama Theuri aliandikwa kazi tarehe 2 Machi 1965, nchi ikiwa bado inanuka rangi mpya. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Mweiga na Endarasha akihimiza watu wachimbe vyoo na wapande kabichi. Alihimiza kweli kweli. Kuna vyoo vya Mweiga vya mwaka ule ambavyo bado vimesimama, na vingine vimewazidi umri wenye navyo. Angeweza kuendelea hivyo mpaka leo, akastaafu na cheti cha vyoo, kama si ule waraka wa mwaka wa 1971.

Waraka ulikuwa wa kurasa mbili. Serikali ilisema haitoshi mzee kushiba na kupata blanketi; ni lazima pia awe ametulia akilini na rohoni. Mzee, ulisema, ni mtu yeyote aliyetimiza miaka hamsini na mitano. Kila ofisi itafute mahali pa kuwapokea, na iweke kitabu chenye safu sita: nambari, jina, umri, anakotoka, shida, hatua iliyochukuliwa. Safu isiachwe wazi. Ulikuwa waraka mzuri, ulioandikwa na mtu aliyempenda mama yake. Kitu kimoja tu haukusema: roho ya mtu inatulizwa namna gani, na kwa chombo gani.

Ofisi ilijaribu kwa ujuzi wake. Siku ya kwanza tulileta kipaza sauti, kwaya mbili na mhubiri mmoja mwenye mapafu ya ng'ombe dume. Wazee arobaini walitulizwa kuanzia saa tatu hadi saa saba bila kupumzika. Mzee Shee wa Majengo, fundi wa viatu, alikaa kwa heshima zake mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wale tusioimba hizi, mtatutuliza siku gani?" Jumanne iliyofuata hakuja mtu hata mmoja. Hata mhubiri hakuja.

Hapo ndipo Mama Theuri alipoomba stoo ya nyuma, ile iliyokuwa na magunia ya mbolea na helmeti za polisi wa kikoloni. Aliifagia siku tatu. Akaweka benchi nne ukutani, jiko la pipa katikati, birika juu ya jiko, na yeye mwenyewe kwenye kiti karibu na dirisha, na kitabu magotini. Akafungua mlango. Hakuhubiri na hakuhimiza mtu.

Ambaye hajakaa katika chumba hicho mwezi wa Julai hawezi kuelewa. Nje ukungu umeshuka mpaka kwenye vizingiti, mji wote umekuwa kama kitu ambacho mtu amekisahau nusu. Watu wanapita barabarani bila miguu. Ndani kuna harufu ya kuni za msederi, koti zilizolowa na ugoro. Birika linanong'ona. Wazee wanaingia mmoja mmoja, wanakaa, wanapata joto, na macho yanaanza kuwa mazito. Mmoja analala, anaamka, anasema neno, mwenzake anajibu neno lingine kabisa, na yote mawili yanaelewana. Saa nne hivi ukungu unafunguka kidogo dirishani, mlima unachungulia, unaona wote wako, unajifunika tena. Nimekaa pale saa nzima nikadhani ni dakika kumi. Pia nimekaa dakika kumi nikarudi kwa landrova nikiwa nimesahau niliipaki wapi.

Sasa tuje kwa kitabu. Mzee akishapata joto, Mama Theuri alikuwa anamwuliza kama waraka ulivyoagiza: shida ni gani? Na wazee wetu, mnawajua, wakasema hawana shida. Miezi mitatu ya kwanza aliandika kwenye safu ya tano, "Hakuna." Nairobi wakajibu kwa barua kali: kama hakuna shida, hakuna huduma, na kama hakuna huduma, stoo irudishiwe mbolea.

Jumanne moja ya mwaka wa 1972 akaingia cucu mmoja, bibi kizee kutoka Endarasha, Wamucii, mdogo kama kuku wa mvua, ambaye alikuwa ametembea tangu alfajiri.

"Shida ni gani, cucu?"

"Shida? Sina shida mimi. Nimeota tu Njiru."

"Njiru ni nani?"

"Ng'ombe yangu. Ile nyeusi. Amepita mbele ya mlango yangu, hata hajanisalimia."

Mtu mwingine angecheka. Mama Theuri aliona kwamba huyu mama hakutembea maili zote hizo kuja kuota moto. Hakuwa na mtu nyumbani wa kuambiwa ndoto asubuhi. Wajukuu wamekimbilia shule, wana wako Nairobi, na mkwe ana haraka. Basi akashika kalamu, na kwa kuwa yeye hajui kuandika uongo, aliandika alichosikia. Shida: "Njiru, ng'ombe mweusi, amepita mbele ya mlango bila kumsalimia mwenyewe." Hatua iliyochukuliwa: "Amesikilizwa."

Habari ilizunguka kwamba kuna mahali serikali inaandika ndoto. Ijumaa iliyofuata benchi zilijaa. Mzee Shee alikuwa ameota marehemu mkewe, Kibibi, amesimama mlangoni na ndoo mbili za maji, haingii wala haondoki. Mzee Ngatia alikuwa ameota barabara ya Mweiga imekunjwa kama mkeka na kuwekwa kwapani na mtu asiyemjua. Mama Theuri aliandika zote. Amesikilizwa. Amesikilizwa. Amesikilizwa. Mwisho wa kila miezi mitatu nakala ya kitabu ilipanda gari la posta kwenda Nairobi.

Huko Nairobi kulikuwa na karani fulani, Mungu amweke, mchapakazi kuliko alivyohitajika. Hakusoma sentensi mpaka mwisho. Akiona maji, anapeleka idara ya maji. Akiona barabara, anapeleka kwa wahandisi. Akiona ng'ombe, mifugo.

Tulianza kupata wageni. Mtu wa maji alikuja Majengo na futi, akapima mifereji yote ya mtaa akitafuta kwa nini Bi. Kibibi anachota kwa ndoo. Mzee Shee alimtazama, akampikia kahawa, akamwambia polepole kwamba yule mwanamke amezikwa tangu mwaka wa sitini na saba. Wahandisi nao walifika barabara ya Mweiga, wakaikuta imenyooka kabisa, lakini kwa kuwa walikuwa wameshakuja, wakaziba mashimo mawili. Mpaka leo hayo ndiyo mashimo pekee katika wilaya hii yaliyozibwa na mtu aliyelala. Baadaye diwani mmoja alimfuata Mama Theuri kwa siri akitaka wazee wa kata yake waote daraja. Alifukuzwa kwa mwiko wa chai.

Halafu, mwaka wa 1974, akaja afisa wa mifugo.

Aliitwa Hezekiah Nderitu, kijana mwembamba mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa kama ubao. Alikuwa na barua iliyosema kuna ng'ombe mweusi Endarasha asiyemtambua mwenyewe na anayepita milangoni ovyo. Kwa elimu yake, hiyo ilikuwa dalili ya kichaa cha mbwa. Alibeba sindano, kamba, na matangazo ya karantini ya kubandika kwenye miti. Mimi ndiye niliyemwendesha. Mama Theuri alikaa katikati yetu, amekumbatia kiondo. Nilimwuliza kwa kunong'ona kama amemwambia kijana ukweli. Akasema, "Ataambiwa na mwenye ng'ombe."

Tulimkuta cucu Wamucii ameketi juani mbele ya mlango, ule ule.

"Cucu, ng'ombe iko wapi?"

"Njiru? Saa hii ni mchana, kijana wangu. Mchana haji."

Nderitu aliandika: hutembea baada ya jua kuzama.

"Na alianza kupotea lini?"

"Wakati wa Emajensi."

Kalamu ilisimama. Kijana alitazama sindano yake, akanitazama mimi, nami nikatazama matairi. Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ilikuwa miaka ishirini nyuma.

Basi Wamucii akamweleza, bila kulia, kama mtu anayemweleza njia mgeni. Siku walipohamishwa kuingizwa kwenye kijiji kilichozungushiwa mitaro na askari, waliambiwa mifugo ibaki. Njiru alikuwa amefungwa karibu na lango. Wamucii alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na alijua kwamba akimtazama atasimama, na akisimama atapigwa. Akapita. Njiru alilia mara moja. Yeye hakugeuka.

"Mimi ndiye sikumsalimia kwanza," akasema. "Sasa na yeye ananilipa. Sio mgonjwa, kijana wangu. Amekasirika tu."

Nderitu aliweka sindano chini. Alikaa kwenye kigoda na koti lake jeupe, akauliza Njiru alikuwa na pembe za namna gani. Akauliza alikuwa akitoa maziwa kiasi gani, na kama alikuwa mpole wakati wa kukamuliwa. Maswali yote ya kazi yake, moja baada ya lingine, na cucu akayajibu yote, na kila jibu lilimlegeza kidogo, mpaka Njiru akawa kama amesimama pale uani akicheua. Saa tatu zilipita. Tulikula viazi. Jua lilizunguka nyumba. Cucu akasinzia katikati ya neno, mdomo wazi, na kijana akavua lile koti lililopigwa pasi akamfunika nalo. Tulirudi Nyeri bila koti.

Miezi miwili baadaye akaja mkaguzi kutoka wizarani, na huyu hakuja kucheka. Alikuwa na faili nene. Aliketi ofisini kwa Bwana Jumaa, akamsimamisha Mama Theuri, akamsomea: ng'ombe hewa, maji hewa, barabara iliyokunjwa. Akasema maafisa wa serikali wamezungushwa wilaya nzima wakifuata ndoto, kwamba Chumba kitafungwa mwisho wa mwezi, na aliyejaza kitabu aanze kutafuta kazi nyingine. Mlango ulikuwa wazi kidogo na baraza zima lilikuwa limepata kazi ya haraka hapo koridoni, mimi nikiwa wa kwanza. Mama Theuri hakujitetea. Alisema tu, "Safu isiachwe wazi. Waraka ulisema."

Bwana Jumaa ndiye aliyeomba faili aitazame. Ni mtu wa kusoma kutoka chini, tabia aliyoipata kwenye magazeti. Na chini kabisa kulikuwa na karatasi moja ambayo hakuna aliyekuwa ameifungua. Akaisoma kwa sauti yake ile ya pwani, taratibu. Nimeikariri:

"Nilifika Endarasha. Ng'ombe hayupo. Mwenye ng'ombe yupo. Ameongea saa tatu, amekula, amelala usingizi mzuri. Sikuona ugonjwa wa mifugo. Ugonjwa niliouona, dawa yake mnayo huko Nyeri, Jumanne na Ijumaa. Napendekeza iendelee. H. Nderitu, Mifugo."

Mkaguzi alifunga faili. Halafu akaomba aone hicho chumba. Ilikuwa Ijumaa. Akaingia na viatu vyake vya kung'aa, akakaa kati ya Mzee Shee na Mzee Ngatia, na hakuna aliyesimama kumpisha, kwa maana wengi walikuwa usingizini. Birika likanong'ona. Ukungu ukaja dirishani ukaegemea. Baada ya muda Mzee Shee akamwuliza, kama mtu anavyouliza saa, "Na wewe mwanangu, umeota nini?"

Mkaguzi alisema yeye haoti. Akaota moto kidogo. Kisha akaanza kueleza kuhusu baba yake na baiskeli fulani, akaeleza mpaka mwisho, akapangusa miwani. Akamwambia Mama Theuri, "Hiyo nayo andika." Mama Theuri akamwuliza umri. Arobaini na sita. Akafunga kitabu. "Siwezi. Waraka unasema hamsini na mitano. Rudi baada ya miaka tisa." Mtu aliyekuwa amekuja kumfuta kazi! Nilidhani yamekwisha. Mkaguzi alicheka mpaka Mzee Ngatia akaamka na kuuliza kama barabara imerudishwa.

Chumba hakikufungwa. Mwaka uliofuata kitabu kilikuja kipya, na safu ya saba iliyoitwa "Maneno ya mzee", na chini yake mstari mmoja mtamu: safu ya shida inaweza kuachwa wazi. Benchi ziliwekwa Mweiga, kisha Endarasha ili cucu Wamucii asitembee tena, kisha ofisi za Karatina na Nanyuki zikaja kuuliza jiko letu ni la pipa la namna gani. Nani anaweza kusema serikali haisikii? Inasikia. Inaanza tu na ng'ombe.

Neno la mwisho la Wamucii liko katika kitabu cha tisa, Februari 1981. "Njiru amesimama mlangoni. Nimemsalimia. Amenisalimia." Kwenye safu ya hatua iliyochukuliwa, Mama Theuri, ambaye kwa miaka tisa alikuwa ameandika neno moja tu, aliandika: "Tumefurahi wote." Tulimzika cucu mwezi uliofuata. Mwana wake alimvisha koti jeupe.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikielekea tangu mwanzo. Miaka yote hii, kila mtu akimwuliza Mama Theuri ameota nini, anajibu kwamba yeye haoti. Anasema kichwa chake kimejaa ndoto za watu, hakuna nafasi. Wote mmemwamini. Mimi sijamwamini, kwa sababu siku tuliyotoka kumzika Wamucii, mchana, mvua ikipiga landrova taratibu, alisinzia kabla hatujafika Mweiga, na akaongea. Alikuwa anaita majina. Wamucii, ingia. Ngatia, ingia, joto liko. Alikuwa akiwaita wale waliokwisha kuondoka, mmoja mmoja, kwa utaratibu wa kitabu, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo kama mtu anayewaachia nafasi wakae. Nilipunguza mwendo asiamke. Alipomaliza benchi zote nne alisema, "Na mimi nikae wapi?" Hakuna aliyemjibu. Alipoamka aliniuliza kama amekoroma. Nikamwambia, sana.

Mama Theuri, samahani, hiyo nimeisema. Nimeitunza miaka saba na sasa ni ya jarida.

Unakaa benchi ya karibu na jiko, upande wa dirisha, pale alipokuwa akikaa Wamucii. Mzee Shee, ambaye sasa hasikii vizuri lakini hataki kujua, amelilinda hilo pengo wiki mbili kwa bakora. Nami niko benchi hiyo hiyo tangu mwaka juzi, na naahidi kukoroma kwa adabu. Wakonyo hataaibika, ameniambia anaogopa zaidi kuanza bila wewe. Na miaka hamsini na mitano ile ile iliyokutoa ofisini leo ndiyo, kwa waraka wa 1971, inayokuingiza kwa mlango wa nyuma kesho. Wewe si mtu wa kuvunja waraka.

Kwa niaba ya madiwani, wafanyakazi, madereva waliochoka na wasiochoka, na wazee wote waliolala mbele yako bila kuomba ruhusa: asante. Ulitusikiliza mpaka tukatulia. Tunakutakia siku ndefu zisizo na haraka, kuku wenye adabu, barua za Theuri zisizochelewa, usingizi mzito wa mchana, na kila asubuhi mtu wa kukuuliza umeota nini.

Kitabu kipya kimeshafunguliwa. Wakonyo ameandika mstari wa kwanza kwa mkono wake mzuri: nambari 1, Monicah Murugi, miaka 55, Ruring'u. Safu ya shida ameiacha wazi, na ya maneno pia, inakungoja. Lakini ile ya hatua iliyochukuliwa ameijaza leo, kabla hujafika, na Bwana Jumaa, ambaye hajawahi kuruhusu kosa kama hilo katika ofisi hii, alisimama nyuma yake akatazama dirishani mpaka wino ukakauka. Neno ni moja, unalijua. Amesikilizwa.